MEZANI KWA KARANI: Ngitili ya Babu na Daftari la Ardhi

 

Kazi yangu, kama mjuavyo, ni kuandika. Watu hunijia ofisini niwaandikie barua, vyeti na mapatano. Huyu anauza ng'ombe, yule anakodisha shamba, wale wanagawana urithi. Mimi huandika bila kuuliza sana, maana karani hana ubia katika shauri la mtu. Lakini mwezi wa Septemba mwaka jana nililetewa mapatano niyaandike, nikaona kalamu imekuwa nzito mkononi. Aliyeyaleta hakuwa mtu mwingine, bali kaka yangu, mtoto wa mama yangu.

Alikaa kitini, akavua kofia, akasema: "Mdogo wangu, wewe ndiye mwenye mwandiko. Andika kwamba sisi wawili, watoto wa marehemu baba, tumekubali kumwuzia bwana mmoja miti yote ya ngitili. Atachoma mkaa magunia 90. Kila gunia anatupa shilingi 8,000. Akimaliza, nitang'oa visiki nilime pamba."

Nikapiga hesabu: shilingi 720,000. Nikamwuliza juu ya kibali, maana kuchoma mkaa bila kibali ni kosa la kisheria. Akajibu kwamba mnunuzi atalishughulikia jambo hilo. Kisha akatoa karatasi ya pili mfukoni. Binti yake mkubwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi, na ada ya kwanza yatakiwa kabla ya mwisho wa Oktoba.

Basi, msomaji, ungefanya nini? Mtoto ni wetu. Miti nayo ni yetu. Nilimwomba kaka anipe siku saba, na neno langu la leo latoka katika siku hizo saba.

NGITILI NI KITU GANI

Kwa ninyi msiokaa Usukumani, ngitili ni sehemu ya ardhi inayofungwa. Mvua zinapoanza, mwezi wa Novemba au Desemba, mwenyewe huizuia mifugo isiingie. Nyasi huota, hukomaa, hukauka zikiwa zimesimama. Mifugo hula kwanza malisho ya nje, kisha mabua ya mashambani baada ya mavuno. Vyote hivyo vikiisha, kiangazi kikiwa kikali, ndipo ngitili hufunguliwa. Ni ghala ya nyasi isiyokuwa na kuta. Na kwa kuwa jembe haliingii, miti nayo huinuka pole pole: migunga, mikwaju na mingine mingi.

Ngitili yetu ni ekari 12. Babu aliifunga mwaka 1989, mwaka niliozaliwa mimi, kwa hiyo mimi na miti hiyo ni rika moja. Wakati ule, anasema mama, palikuwa mahali peupe pa visiki na vichuguu, na mtu akisimama huku aliweza kumwona mbuzi kule mwisho.

TULIPITA KIJIJI CHOTE

Siku ya tatu nilimwomba kaka tutembee kutoka juu mwinukoni hadi chini lamboni. Mama naye akafunga kanga, akasema hataachwa nyumbani. Kijiji chetu si kikubwa, lakini ndani yake ardhi inafanyishwa kazi tano mbalimbali, na kila kazi inaacha alama yake.

Tulianza juu, kwenye mashamba ya pamba na mahindi. Udongo wa huko ni wa mchanga, ule tuitao luseni. Ni mwepesi kulima, na katika miaka yake ya kwanza huzaa vizuri. Lakini tulikuta nini? Mifereji ya plau imefuata mteremko, kutoka juu kwenda chini, kama ngazi ya kuteremshia maji. Mabua ya mahindi yameliwa na ng'ombe. Mabua ya pamba yameng'olewa na kuchomwa moto. Sheria ya kuyachoma ni nzuri, maana wadudu wasipouawa watasubiri pamba ya mwaka ujao. Hata hivyo, mwisho wake ni kwamba mvua ya kwanza inaikuta ardhi uchi, haina hata jani la kujifunika. Mahali fulani kaka alichutama akagusa kisiki cha mwembe mdogo. Mizizi ilikuwa nje, imeinuka juu ya ardhi upana wa vidole vinne. Si mizizi iliyopanda juu, wasomaji. Udongo ndio ulioshuka.

Kutoka hapo tulifika kwenye malisho ya wote. Hapa kila mtu analeta ng'ombe, na hakuna aulizaye ni wangapi. Tusiwalaumu ng'ombe, ng'ombe hufuata fimbo. Lakini nyasi haipati nafasi ya kutoa mbegu kabla haijang'olewa. Kwato zimeukandamiza udongo ukawa mgumu kama sakafu, maji hayazami. Na ile njia ya ng'ombe ya kwenda kunywa, ambayo tulipokuwa watoto tuliiruka kwa hatua moja, leo ni korongo ambalo mkokoteni hauwezi kulivuka.

Tatu, tulipita ngitili ya jirani aliyeuza miti yake kwa mkaa miaka minne iliyopita. Hapa niliona jambo ambalo sikulitazamia. Nusu ya eneo aliliacha lipumzike baada ya kukata. Visiki vyake vimechipua, na machipukizi mengine yanapita kimo cha mtu. Nusu ya pili aling'oa visiki akalima. Huko hakuna mti, wala dalili ya mti. Kumbe shoka huujeruhi mti, lakini mara nyingi haliuui. Anayeua ni yule anayetoa mizizi, au anayeleta mifugo kila siku ikala machipukizi yangali machanga. Nikamtazama kaka. Maneno yake ya ofisini yalikuwa "nitang'oa visiki". Yeye naye akanitazama, asiseme kitu.

Nne, mbugani, kwenye udongo mweusi, tulikuta majaruba ya mpunga. Hii ni kazi ya sifa. Kingo za jaruba huyazuia maji yasikimbie, na tope linalotoka juu hutua humo likawa mbolea. Lakini majaruba nayo yana gharama. Zamani mbuga ile ilikuwa malisho ya kiangazi. Kila jaruba jipya linalochimbwa, ng'ombe kadhaa wanapandishwa kwenda kubanana mwinukoni, na mwinuko unazidi kuchakaa. Tena, mwinuko ukichakaa sana, kinachoshuka si tope tena bali mchanga mtupu. Jaruba la mwisho upande wa korongo limefunikwa na mchanga, na mwenyewe ameliacha.

Kazi ya tano ni ngitili, nami nitairudia.

Tulimalizia lamboni. Hapo mama alisimama akasema: "Nilipoolewa hapa, mtu mzima akiingia katikati ya lambo hili mwezi wa Julai, maji yalimfika kifuani. Siku hizi mwezi wa Julai watoto wanacheza mpira humo." Alisema kweli. Hakuna aliyelima ndani ya lambo, wala kukata mti ndani yake, wala kuchunga ndani yake. Lakini mchanga wa mashamba, wa njia za ng'ombe na wa mahali pa mkaa, wote umekutana hapo. Deni la kila mmoja limelipwa na lambo, na lambo ni la wote.

MADUMU MATATU

Jioni ile watoto wa kaka waliniuliza: "Baba mdogo, kwani maji yanawezaje kubeba shamba?" Nikakumbuka somo nililopewa chuoni na mkufunzi wetu wa sayansi, nikaona nilifanye nao uani. Nawe waweza kulifanya, halina gharama.

Tulichukua madumu matatu ya lita tano, tukayakata ubavuni, tukayalaza chali. Tulijaza udongo wa luseni. La kwanza tuliliacha wazi. La pili tulilifunika kwa nyasi kavu. La tatu tulilitia bonge la udongo lenye nyasi hai, tulilolichimba ngitilini na mizizi yake. Tukayainamisha kidogo yote sawasawa, tukaweka bakuli mbele ya kila mdomo. Kisha tukatoboa kopo matundu madogo, tukanyeshea kila dumu lita moja ya maji, yaani vikombe vinne.

Dumu lililo wazi lilirudisha karibu vikombe vitatu, tena upesi, maji mekundu kama matope ya kufyatulia matofali. Dumu la nyasi kavu lilirudisha pungufu ya nusu, na maji yake yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Dumu la nyasi hai lilikawia mpaka watoto wakadhani limeziba. Mwisho likatoa kikombe kimoja kisichojaa, maji ambayo uliweza kuona chini ya bakuli. Kaka alikuwa amekaa pembeni akinoa panga. Aliacha kunoa akasogea kuangalia.

Sasa tutoke kwenye dumu twende shambani. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Mvua ya milimita 1 juu ya mita moja ya mraba ni lita 1 ya maji. Basi mvua moja kubwa ya milimita 40, ambayo kwetu si ajabu, inamwaga juu ya ekari moja lita zaidi ya 160,000. Ni mapipa 800 ya lita 200. Yakizama, umepata akiba. Yakikimbia, umepata adui. Na yakiondoka na udongo wa unene wa milimita 1 tu, ambao ni pungufu ya unene wa sarafu, yamebeba kwenye ekari hiyo tani 5 hivi. Ni kama mikokoteni kumi ya ng'ombe. Mwizi akija na mikokoteni kumi usiku, kijiji kizima kingepiga yowe. Mvua ikifanya hivyo mchana, sisi husema: "Tunashukuru, imenyesha."

WAZEE WETU WALIPITA NJIA HII

Mambo haya si mageni katika nchi ya Shinyanga, na wazee wengine wanaosoma gazeti hili waliyaona kwa macho yao. Katika miaka ya 1920 na 1930 vichaka vingi vilifyekwa ili kumfukuza mbung'o, maana alikuwa akiua ng'ombe na kuwaletea watu ugonjwa wa malale. Nia ilikuwa njema, na ng'ombe waliongezeka. Kisha pamba ikashamiri, mashamba yakapanuka. Watu wakaongezeka, na kuni zikatafutwa mbali zaidi. Katika miaka ya 1970, watu walipohamishiwa katika vijiji vipya, wengi waliziacha ngitili zao kule walikotoka, na ile desturi ya kuzilinda ikalegea.

Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alifika Shinyanga, na hali aliyoiona ilimsikitisha, mkoa ukaitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 Serikali, ikisaidiwa na Norway, ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao watu wengi waliufahamu kwa jina la HASHI. Mwanzoni mradi ulijishughulisha sana na vitalu na miche. Lakini kumwagilia mche katika nchi kavu yenye mifugo mingi ni taabu, na mingi haikudumu. Ndipo mabwana miti walipogeuka kuwasikiliza wazee. Wazee wakasema: miti haijafa, imelala chini ya ardhi. Fungeni mahali, visiki vitaamka vyenyewe.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zimeandikwa katika mkoa zilikuwa hekta 600 hivi tu. Kufika mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Hazikulindwa na askari wenye bunduki. Zililindwa na mkutano wa wazee uitwao dagashida, uliotoza faini, na sungusungu waliozunguka. Mwaka 2002 mradi huo ukapewa Tuzo ya Equator, inayosimamiwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Mradi ulimalizika mwaka 2004. Tangu hapo ulinzi umebaki mikononi mwetu wenyewe, wajukuu. Babu yangu alikuwa mmoja wa wale waliofunga. Basi kalamu ile ilikuwa nzito kwa sababu hiyo.

DAFTARI LENYE UKURASA MMOJA PUNGUFU

Siku ya tano tulikaa mezani na daftari. Kaka alisema kweli: heshima ya babu hailipi ada. Basi tuhesabu kwa fedha.

Upande mmoja tuliandika mkaa: shilingi 720,000, mara moja. Kisha pamba kila mwaka. Hapo sitawaficha, wasomaji: pamba kwenye ardhi mpya, mvua ikikubali na bei ikiwa nzuri, ingetupa zaidi ya ngitili kwa miaka mitatu minne ya mwanzo. Mtu asiyekiri hilo hajawahi kuvuna pamba.

Upande wa pili tuliandika ngitili kwa mwaka uliopita. Jirani alilisha ng'ombe 20 kwa siku 40, akatulipa shilingi 240,000. Mama anachukua mizigo miwili ya kuni kila juma, yote matawi makavu. Angenunua, ni shilingi 2,000 kwa mzigo, nayo ni shilingi 208,000 kwa mwaka. Nyasi za kuezekea, shilingi 60,000. Asali na fito, shilingi 50,000. Jumla shilingi 558,000. Na bado hatujawahesabu ng'ombe wetu wanane. Ng'ombe mmoja wa kienyeji anahitaji kama kilo 6 za majani makavu kwa siku. Kwa siku 90 za kiangazi kikali, ng'ombe wanane wanataka kilo 4,320. Ukiziondoa, ama ununue, ama uwauze ng'ombe wakiwa wamekonda, na bei ya ng'ombe aliyekonda mnaijua.

Nasi tuliandika pia hasara za ngitili, maana hesabu ya upande mmoja si hesabu. Fisi wamerudi, na mwaka juzi walichukua mbuzi wawili wa mama. Nyoka wapo. Na kuna jambo kubwa zaidi: mwenye ngitili na ng'ombe anafaidi, lakini jirani asiye na ardhi wala mfugo anapata nini? Huyo ndiye anayeingia usiku na shoka. Tukimwita mwizi tu, bila kumpa ruhusa ya kuokota kuni kavu kwa siku maalum, hatutailinda ngitili hata mwaka mmoja.

Ndipo nilipoona kosa la madaftari yetu. Nami ni karani, nisiyesamehewa kosa la hesabu. Tunaandika mapato ya ardhi, lakini hatuandiki ukurasa wa pili: ardhi imetoa nini kuyalipa mapato hayo. Mkaa wa magunia 90, tukikadiria kilo 50 kwa gunia, ni kilo 4,500. Kwa uchomaji wa kawaida, kilo 1 ya mkaa inataka kilo 6 hadi 10 za kuni. Basi hapo zimeteketea kilo 27,000 kwa uchache, kazi ya miaka 35 ya mvua na jua. Tungeandika "tumepata 720,000", kumbe tumeuza ghala, wala si nafaka iliyomo.

NENO LA KAKA

Baada ya hesabu hizo nilijiona nimeshinda. Kaka akafunga daftari taratibu, akasema: "Mdogo wangu, hesabu zako zote ni kweli. Lakini wewe una mshahara, mimi nina jembe. Ni rahisi kulinda mti ukiwa umeshiba. Binti yangu akikosa chuo mwaka huu, utamwambia ngitili ilitoa kilo ngapi za majani?"

Wasomaji, nilinyamaza. Mama naye alinyamaza. Nililala vibaya usiku ule, kwa sababu neno lile lilikuwa la haki. Nimewasikia wengi, nami nikiwamo, wakiwahubiria wakulima wasikate miti, na baada ya mahubiri wakapanda pikipiki kwenda nyumbani kupika kwa mkaa. Mtu anayemwambia mwenzake "usiuze" lazima awe tayari kumwambia pia "nitakusaidia kubeba mzigo".

Siku ya saba nilikwenda mnadani nikauza mtamba wangu, niliyekuwa nimemweka kwa ajili ya nyumba yangu ya bati. Fedha yake ilimaliza ada ya kwanza. Tena tuliandika mapatano, lakini si yale aliyokuja nayo kaka. Kwa miaka mitatu, fedha ya kukodisha malisho ya ngitili itakuwa yake yote, kwa ajili ya binti. Ekari 2 za chini, mahali palipo tambarare, kaka atalima pamba. Atalima kwa kukinga mteremko, ataweka matuta, na ataacha ukanda wa nyasi kati ya shamba na korongo. Ekari 10 zitabaki zimefungwa. Matawi yatapunguzwa kwa zamu, wala kisiki hakitang'olewa. Jumamosi moja kila mwezi, jirani yeyote anaruhusiwa kuokota kuni kavu. Tulitia sahihi sote wawili, na mama akaweka dole gumba. Nakala moja tuliipeleka kwa mtendaji wa kijiji.

Je, kila mtu amefurahi? Hapana. Nyumba yangu ingali ya nyasi, na mke wangu ananikumbusha kila mvua inaponyesha. Kaka naye aliniambia tulipoagana: "Nimekubali. Lakini siku utakapoacha ukarani ukashika jembe, tutazungumza upya." Nikamjibu kwamba ana haki. Binti yupo chuoni. Mvua ya kwanza iliponyesha nilikwenda ngitilini kusimama chini ya mgunga, nikaona maji yanaingia ardhini bila sauti. Upande wa pili wa mpaka, kwa jirani aliyeng'oa visiki, yalikuwa yanakimbia na kupiga kelele mpaka korongoni.

KABLA HUJATIA SAHIHI

Wasomaji wapenzi, sisemi kila ardhi iwe ngitili. Tutakula nini? Mahindi yana mahali pake, mpunga una mahali pake, ng'ombe wana mahali pao. Ninalosema ni hili: kabla hujaibadilisha kazi ya ardhi yako, jiulize mambo manne.

Kwanza, mvua ya kwanza itaikuta ardhi hii imevaa nini? Kama haina vazi, tandaza mabua na nyasi, weka matuta, lima kwa kukinga mteremko.

Pili, kitakachoondoka hapa kitatua wapi? Huenda ni jaruba la jirani yako, au lambo mnalonywa wote.

Tatu, nikijuta, naweza kurudi? Mti uliokatwa ukaachwa kisiki na kulindwa unarudi. Uliong'olewa haurudi wenyewe. Lambo lililojaa mchanga hurudi kwa jasho na fedha nyingi.

Nne, ni nani anayesukumwa na shida kuuza, na je, tunaweza kumsaidia kabla hajauza? Hili la nne ndilo tunalolisahau, nami nilikumbushwa na kaka yangu.

Vijiji vyetu vina haki kisheria ya kupanga matumizi ya ardhi yao. Mkutano mkuu wa kijiji ukiitwa kwa ajili ya mpango huo, usibaki kilabuni. Nenda, na mama mwenye kubeba kuni aende, na kijana asiye na shamba aende naye aseme. Mpango uliopangwa na wenye ng'ombe peke yao utalindwa na wenye ng'ombe peke yao.

Na wewe mwenye daftari la shamba nyumbani, fungua ukurasa wa pili. Andika shamba limekupa nini mwaka huu, na kando yake andika limetoa nini. Kama huna cha kuandika upande wa pili, shuka ukatazame lambo.

Kwa herini mpaka juma lijalo.

Ni mimi, Karani wenu.